2147483647: namba ya simu isiyo na mwenyewe

2147483647 si namba ya simu ya Mtanzania yeyote, si kirusi, wala si saini ya mdukuzi. Ni 2³¹ − 1, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoweza kukaa kwenye biti 32 pale biti moja inapotengwa kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Hata hivyo, swali linalowarudia watunza kanzidata kila wiki ni lilelile: "Huyu mteja mwenye 2147483647 ni nani, na mbona kajiandikisha mara mia nne?" Hajajiandikisha hata mara moja. Waliojiandikisha ni watu mia nne tofauti, na namba zao zote zimekatwa kimo kimoja, kama fito zilizopitishwa kwenye msumeno.

Mambo huenda hivi. Mfumo wa duka, wa saccos au wa shule umejengwa juu ya MySQL, na safu ya simu imepewa aina inayoitwa INT, yaani namba nzima ya biti 32. Kwa miezi kadhaa hakuna tatizo, kwa sababu wateja wanaandika 07 na tarakimu nane zinazofuata. Sifuri ya mbele inamezwa kimyakimya, zinabaki tarakimu tisa, na milioni mia saba na ushee inaingia bila kugusa dari la bilioni 2.1. Kisha mfumo unaunganishwa na huduma ya kutuma ujumbe mfupi, ambayo inataka kila namba ianze na 255. Namba ileile sasa ina tarakimu kumi na mbili na thamani ya bilioni 255 na zaidi. Haitoshi. MySQL ikiwa katika hali ya ulegevu huandika kile kikubwa kabisa kinachoweza kuandikika, 2147483647, na kuendelea na kazi. Mkenya mwenye 254, Mganda mwenye 256, Mnyarwanda mwenye 250 na Mkongomani mwenye 243 wanakatwa palepale. Hata Burundi, ambako baada ya 257 hufuata tarakimu nane tu, namba nzima inazidi dari hilo zaidi ya mara kumi.

Lawama kwa kawaida humwangukia aliyeongeza 255. Yeye hakukosea. Aliyekosea ni yule aliyeichukulia namba ya simu kama kiasi cha kitu, kana kwamba ipo siku mtu atajumlisha simu ya mama na simu ya baba apate simu ya mtoto.

Dawa inayouzwa kwa ugonjwa huu, vijiweni na hata katika baadhi ya madarasa, ni mabano. Safu inasomeka INT(11). Simu ina tarakimu 12. Basi iandikwe INT(12), na kama haikutosha, INT(20). Hoja hiyo inasikika ya busara na haina ukweli hata chembe. Namba iliyo ndani ya mabano ya INT haijawahi, katika toleo lolote la MySQL, kuongeza au kupunguza kinachohifadhiwa. Ilikuwa maelekezo ya maonyesho tu: namba ikiwa fupi, na safu ikiwa imeagizwa kujazwa sifuri upande wa kushoto, basi ijazwe hadi ifikie upana huo. INT inachukua baiti nne, na baiti nne ni biti 32, mabano yaseme yanachotaka. Kuandika INT(20) ni sawa na kuchora lita ishirini kwa chaki kwenye ndoo ya lita kumi.

Hata ile 11 yenyewe ina asili ya kawaida kabisa. Namba ndogo kuliko zote katika INT ni −2147483648: tarakimu kumi na alama ya kutoa, jumla nafasi kumi na moja za kuandikia. Ndiyo maana mfumo ulikuwa ukiweka 11 wenyewe bila kuombwa. Wanaosema "INT(11) inabeba tarakimu kumi na moja" wamehesabu na kistari cha hasi.

Mkanganyiko huu una mzazi. Katika aina ya maandishi, VARCHAR(12), mabano kweli yanaweka kikomo: herufi 12, si zaidi. Mwanafunzi anajifunza VARCHAR asubuhi na INT mchana, anaona mabano yanafanana, anadhani kazi inafanana. Hilo linasameheka kwa mwanafunzi. Kwa mtu anayelipwa kutunza kumbukumbu za wateja halisameheki, kwa sababu jaribio lenyewe halichukui dakika mbili. Litengenezwe jedwali lenye safu ya INT(1), iingizwe 2147483647: itaingia yote, tarakimu kumi, ndani ya mabano ya moja. Itengenezwe nyingine ya INT(255), upana mkubwa kabisa unaokubalika, iingizwe 2147483648: haitaingia. Watengenezaji wa MySQL wenyewe, katika toleo la 8.0.17 la mwaka 2019, waliutangaza upana huo wa maonyesho kuwa ni kitu cha kuachwa, na miaka inapita huku ushauri wa mabano ukiendelea kunakiliwa.

Dawa ya pili ni kuondoa nafasi ya hasi, yaani kuitangaza safu kuwa UNSIGNED. Dari linapanda hadi 4294967295, maradufu na moja zaidi. Simu ya Tanzania ni kubwa karibu mara sitini ya hapo. Anayeitumia dawa hii anabadilishiwa tu mteja wake hewa, sasa anaitwa 4294967295.

Dawa ya tatu ni mbaya kuliko zote. Tangu MySQL 5.7 ya mwaka 2015, hali ya ukali huja ikiwa imewashwa, na namba iliyovuka mpaka haikatwi tena bali inakataliwa kwa ujumbe wa kosa. Huo ni ulinzi. Lakini fundi anaona kosa, mteja analalamika, na ushauri wa haraka unaotolewa ni kuizima hali hiyo. Kosa linatoweka kwenye kioo na uharibifu unaanza kwenye jedwali. King'ora cha moto hakizimwi ili watu walale.

Upande wa hisabati nako kuna imani yake, na inatoka kwa watu waliosoma zaidi kidogo. 2147483647 ni namba tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kutokana na ukweli huo husemwa kwamba ndiyo sababu kompyuta zilichagua kukomea hapo, kwamba utasa wake unaifanya salama. Kompyuta hazikuchagua chochote. Biti 8 zenye alama zinakomea 127, ambayo ni tasa. Biti 16 zinakomea 32,767, na hiyo ni 7 × 31 × 151. Biti 64 zinakomea 9223372036854775807, inayogawanyika kwa 7 mara mbili mfululizo, na pia kwa 73, 127 na 337, miongoni mwa nyingine. Dari linatokana na idadi ya biti, basi. Kwamba dari la biti 32 limeangukia kwenye namba tasa ni bahati, kwa sababu biti moja ikienda kwenye alama zinabaki 31, na 31 ni mojawapo ya vipeo vichache vinavyozaa namba tasa kwa njia hii.

Vichache, na hapa tena wengi huteleza. Ni kweli kwamba 2 kwa kipeo fulani, toa 1, haiwezi kuwa tasa kama kipeo chenyewe si tasa. 32,767 ni 2¹⁵ − 1, na 15 ni 3 × 5, ndiyo maana 7 (2³ − 1) na 31 (2⁵ − 1) zilijitokeza ndani yake. Lakini kinyume chake si kweli. 11 ni tasa, ila 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 × 89. Mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne alitoa orodha ya vipeo hivyo mwaka 1644 akaweka 31 ndani yake kwa usahihi, lakini akaweka pia 67, ambayo haifai. Ilipofika 1903 Mmarekani Frank Nelson Cole alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193707721 × 761838257287. Kwa hiyo kuwemo kwenye orodha ya Mersenne hakukuwa uthibitisho wa kitu.

Uthibitisho wa 2³¹ − 1 uliletwa na Leonhard Euler, ambaye mwaka 1772 alimwandikia Bernoulli kueleza alichofanya. Njia yake inastahili kufuatwa, kwa sababu inaonyesha tofauti kati ya kuhesabu sana na kuhesabu vizuri. Ili kujua kama namba ni tasa inatosha kutafuta vigawo hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na kitu. Chini ya hapo ziko namba tasa 4,792. Kugawanya mara 4,792 kwa kalamu na wino ni adhabu. Lakini kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1 hakina budi kubakiza 1 kikigawanywa kwa 62, yaani mara mbili ya 31. Tena, kikigawanywa kwa 8 hakina budi kubakiza 1 au 7. Masharti hayo mawili yakiunganishwa, kila kigawo kinachowezekana kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63, basi. Hadi 46,340, namba za aina hiyo zinazozidi 63 ni 372 tu, na nyingi kati yake si tasa, kwa hiyo nazo zinatupwa. Zilizosalia zinajaribiwa moja moja. Hakuna iliyogawanya bila baki.

Kwa miongo mingi baada ya hapo hakukuwa na namba tasa kubwa zaidi iliyothibitishwa. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow, akizungumzia namba timilifu inayojengwa kutokana nayo, 2305843008139952128, ambayo ni sawasawa na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, alitabiri kwamba hakuna atakayepata kubwa zaidi kamwe, kwa kuwa namba hizo ni za kuvutia tu na hazina faida. Mfaransa Édouard Lucas alimkanusha mwaka 1876 kwa kuthibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa. Oktoba 2024 ilitangazwa 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, yenye tarakimu 41,024,320. Kwa njia ya Lucas, iliyonyooshwa baadaye na Derrick Lehmer, kazi ya Euler inaisha kwa hatua 29: anza na 4, izidishe yenyewe kwa yenyewe, toa 2, chukua baki baada ya kugawanya kwa 2147483647, rudia. Hatua ya 29 ikitoa sifuri, namba ni tasa. Inatoa sifuri. Simu ya mkononi huimaliza hesabu hiyo kabla kidole hakijanyanyuka kwenye kioo.

Kuhusu faida, Barlow alikosea pia. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza mashine ya namba za kubahatisha inayotegemea utasa huu moja kwa moja: chukua namba, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2147483647, na baki ndiyo namba inayofuata. Kwa kuwa kigawanyi ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mfululizo hupita katika namba zote kuanzia 1 hadi 2,147,483,646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudia mwanzo. Inafaa kwa michezo na majaribio ya kuiga hali halisi. Haifai hata kidogo kwa nywila, vocha au droo ya zawadi, kwa sababu anayeiona namba moja anaweza kukokotoa zote zinazofuata.

Namba hii hukutwa pia mahali ambapo hakuna aliyeiita. Mwaka 2014 YouTube ililazimika kuhamishia hesabu ya watazamaji kwenye biti 64, kwa sababu wimbo "Gangnam Style" ulikuwa unavuka dari. Mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza ndege za Boeing 787 zizimwe umeme kabla ya kutimiza siku 248 mfululizo, kwa sababu kihesabio ndani ya programu ya jenereta kingefurika. Muda wa 2147483647, ukihesabiwa kwa sehemu za mia za sekunde, ni siku 248 na nusu hivi. Hiyo 248 na ile 248 ya Euler hazina undugu wowote. Atakayeona siri ndani yake ameitia mwenyewe.

Halafu kuna 2038. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa saa za dunia. Sekunde ya 2147483647 kwa Afrika Mashariki ni Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Mfumo uliobaki na biti 32 utaruka sekunde inayofuata hadi Desemba 1901. Si kwamba kompyuta zote zitazimika. Nyingi zilishahamia biti 64 siku nyingi. Watakaoumia ni wenye vifaa vidogo visivyosasishwa na kanzidata za zamani, na hawatasubiri 2038: mkopo wa nyumba wa miaka kumi na mitano, ukihesabiwa tarehe ya kumalizika, tayari unavuka mpaka huo leo. "Programu za kusafisha simu" zinazodai kuzuia 2038 ni za kufutwa.

Yanayofaa kufanywa ni machache. Namba ya simu ihifadhiwe kama maandishi, VARCHAR(20) inatosha, ikianza na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi. Sifuri za mbele zitabaki salama. Namba ya NIDA vilevile, na hapa anayetaka kuchukua tu "namba kubwa zaidi", BIGINT ya biti 64, asimame kwanza: namba ya NIDA ina tarakimu 20 na huanza na mwaka wa kuzaliwa, hivyo aliyezaliwa 1985 ana namba inayozidi hata 18446744073709551615, dari la biti 64 zisizo na alama. Excel ni hatari zaidi, kwa kuwa hutunza tarakimu 15 za kwanza na kugeuza zilizobaki sifuri. Safu ifanywe ya maandishi kabla ya kubandika, si baada. Fedha ziwekwe kwenye BIGINT au DECIMAL. Anayehifadhi shilingi kwa senti ndani ya INT anakomea shilingi 21,474,836.47, na lori moja la mtumba linaweza kumvusha hapo. Muda uwe wa biti 64. Katika MySQL, DATETIME badala ya TIMESTAMP. Hali ya ukali ibaki imewashwa. Kabla ya kubadili aina ya safu, nakala ya akiba ichukuliwe.

Linabaki suala la namba zilizokwisha kuharibika, na jibu linategemea zimeharibikaje. Zipo programu ambazo hazikati bali huzungusha. Katika Java, kwa mfano, namba ndefu ikibanwa kwenye biti 32 hupoteza mafungu mazima ya 4,294,967,296 na kubakiza salio. Simu zote za mkononi za Tanzania ziko kati ya 255,600,000,000 na 255,799,999,999, upana wa milioni 200, ambao ni mdogo kuliko fungu moja. Kwa hiyo hakuna simu mbili zinazogongana. Zote hugeuka hasi, kati ya −2,098,037,760 na −1,898,037,761, na kila moja hurudi kamili ikiongezwa 257,698,037,760, yaani mafungu sitini. Mfano: −1,998,037,760 ni 255,700,000,000.

Zilizokatwa na kuwa 2147483647 hazina hesabu ya kuzirudisha. Namba milioni 200 zinazowezekana zimegeuzwa moja, na hakuna fomula inayoweza kujua ipi ilikuwa ya nani. Zinatafutwa kwenye nakala za akiba za kabla ya mabadiliko, kwenye kumbukumbu za malipo ya simu, au kwenye daftari la mapokezi kama lilikuwepo. Zisipopatikana huko, wateja wenyewe waulizwe upya wakija.